Seli za dopamini zilizokufa: je, zinaweza kuota tena?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 64, na huu ni mwaka wa nne tangu aambiwe ana ugonjwa wa Parkinson. Anatumia dawa ya levodopa na inamsaidia, ila siku hizi inaishiwa nguvu kabla saa ya dozi nyingine haijafika. Nimesoma kwamba wanasayansi wameweza kuotesha upya neva za ubongo. Kuna kliniki ya nje inayotuahidi kumdunga seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kwenye mshipa wa damu ili zikajenge upya seli za dopamini, ile kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza miondoko. Mbona mtu akikatwa neva ya kidole hupona, lakini ubongo haujiponyi? Tupeleke akiba yetu huko au tusubiri? Na ni kweli kwamba levodopa inaua seli zilizobaki, kwa hiyo apunguze?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Nianze na yasiyoweza kungoja. Baba asipunguze wala asiache levodopa kwa uamuzi wa nyumbani. Kuikatiza ghafla kunaweza kumkakamaza mwili mzima, kumpandisha homa kali na kumfikisha hospitalini akiwa mahututi. Na hiyo kliniki, kwa maelezo uliyonipa, msiipe hata senti. Sababu za yote mawili zimo katika maumbile ya seli zenyewe, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, maana habari nyingi za magazetini huiruka sehemu hiyo na kukimbilia neno "tiba".

Swali lako la neva ya kidole ni zuri sana. Seli ya neva inayohisi ncha ya kidole haikai kidoleni. Mwili wa seli, yaani kile kituo chenye kiini na jeni, uko kando ya uti wa mgongo. Kinachofika kidoleni ni aksoni, uzi mrefu mwembamba unaotoka katika mwili huo. Kisu kikipita, kinakata uzi. Seli yenyewe inabaki hai. Seli za Schwann zinazouzunguka uzi huo husafisha mabaki, hujipanga mstari na kutoa kemikali za kuchochea ukuaji, kisha uzi hurefuka polepole, takriban milimita 1 kwa siku. Ndiyo maana aliyekatwa neva karibu na kiganja hungoja miezi kabla ya kuanza kuhisi tena ncha za vidole. Lakini angalia: hakuna seli mpya iliyozaliwa hapo. Seli ile ile ya zamani imeotesha uzi mpya.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, hata hilo la kuotesha uzi ni gumu. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kuchora maumbile ya mfumo wa neva, aliandika kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha kufungwa na hakuna kinachoota tena. Kauli hiyo ilitawala kwa miongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Albert Aguayo na wenzake huko Montreal walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakiunganisha na mfumo wake mkuu wa neva. Nyuzi zilizokuwa zimekataa kukua zikapenya humo na kusonga sentimita kadhaa. Kumbe uwezo haukuwa umekufa wote; mazingira yalikuwa yanauzuia. Baadaye Martin Schwab huko Zurich alionyesha kwamba utando wa mafuta unaofunika nyuzi za ubongo una protini zinazoziamuru nyuzi zisiendelee, na mojawapo ikaitwa Nogo. Jeni za ukuaji nazo, ambazo kwa mtoto aliye tumboni huwa wazi, kwa mtu mzima huwa zimefungwa.

Kwa Parkinson tatizo linazidi hapo, kwa sababu seli yenyewe hufa. Iliyokufa haina uzi wa kuotesha. Je, ubongo hauwezi kuzaa nyingine? Hata katika hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu inayotajwa sana kwa uzazi wa seli mpya, wataalamu bado wanavutana kuhusu binadamu: mwaka 2018 makundi mawili yalitoa majibu yaliyopingana ndani ya muda mfupi, moja likisema seli mpya huendelea kuzaliwa hadi uzeeni, jingine likisema halikuona hata moja kwa watu wazima. Katika sehemu inayoathiriwa na Parkinson, hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba seli za dopamini huzaliwa upya kwa idadi yenye maana.

Sehemu hiyo ni eneo dogo lenye rangi ya giza katika ubongo wa kati. Nitaliita eneo jeusi. Ubongo mzima una takriban seli za neva bilioni 86, lakini zile za dopamini katika eneo jeusi hukadiriwa kuwa kati ya 400,000 na 600,000 tu, pande zote mbili zikijumlishwa. Nyuzi zake husafiri hadi striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuanzisha na kulainisha miondoko, na huko ndiko dopamini inakomwagwa.

Kwa nini zife hizi na si majirani zake? Jibu linalonishawishi zaidi ni la mzigo. Watafiti wa Oxford, Paul Bolam na Eleftheria Pissadaki, walikadiria kwamba seli moja ya aina hii kwa binadamu, matawi yote ya uzi wake yakiunganishwa, hufikia urefu wa zaidi ya mita 4 na hubeba sinapsi, yaani viungio vya kupitishia ujumbe kwa seli nyingine, kati ya milioni 1 na milioni 2.4. Hiyo ni seli moja tu, isiyoonekana bila darubini. Kulisha nyuzi zote hizo kwa nishati ni kazi ya mchana na usiku. Isitoshe, seli hizi hutoa mapigo ya umeme zenyewe bila kungoja amri, na kila zinapopiga huingiza kalisi ambayo lazima itolewe nje kwa gharama ya nishati. Mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, ikilegea kidogo, seli nyingine hustahimili, hizi huzidiwa.

Mwaka 1982 ushahidi wa jambo hili ulijitokeza kwa njia ya kusikitisha. Huko California, vijana kadhaa walijidunga heroini bandia iliyotengenezwa vibaya, na baada ya muda mfupi wakaganda kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake walifuatilia na kukuta uchafu wa kemikali uitwao MPTP. Ubongo huugeuza kuwa sumu, sumu hiyo huingia ndani ya seli za dopamini kupitia mlango ule ule unaorudisha dopamini ndani, kisha huzima mitokondria. Vijana wale walipopewa levodopa, miili yao ilifunguka. Tangu hapo MPTP imetumika kuwapa wanyama wa maabara hali inayofanana na Parkinson, na nitarudi kwenye hilo kwa sababu ndilo chimbuko la matumaini mengi yaliyovunjika.

Kwa wagonjwa wengi, lakini, hakuna sumu moja ya kunyooshewa kidole. Kuna protini iitwayo alfa-sainukleini inayokunjika vibaya na kurundikana ndani ya seli. Marundo hayo Fritz Lewy aliyaeleza mwaka 1912. Mwaka 1997 ndipo ilipojulikana yametengenezwa na nini. Hayabaki katika eneo jeusi peke yake. Huonekana pia katika neva za utumbo, katika sehemu ya harufu na katika shina la ubongo, na ndiyo maana wagonjwa wengi hufunga choo, hupoteza uwezo wa kunusa au hupiga mateke usingizini miaka mingi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Likumbuke hili tukifika kwenye upandikizaji.

Sasa jambo ambalo natamani lisemwe zaidi. Seli hizi hazifi zote kwa pamoja, wala hazifi kuanzia katikati. Hufa kuanzia ncha. Mwaka 2013 Jeffrey Kordower na wenzake walichapisha uchunguzi wa ubongo za wagonjwa waliofariki baada ya kuishi na ugonjwa kwa vipindi tofauti. Kufikia mwaka wa nne hivi baada ya kugunduliwa, nyuzi za dopamini katika sehemu ya juu ya putameni, ambayo ni sehemu ya striatamu, zilikuwa karibu zimetoweka zote. Lakini katika eneo jeusi bado kulikuwa na miili ya seli iliyobaki, baadhi ikiwa imeacha kutengeneza dopamini bila kufa. Baba yako yuko mwaka wa nne. Kwa hiyo, kwa kukisia, ana seli ambazo zimepoteza nyuzi na bado zina uhai.

Hapo ndipo utafiti wa kuotesha upya nyuzi una maana kwa Parkinson, tofauti na ule wa kupanda seli mpya. Mwaka 2011 kundi la Robert Burke katika Chuo Kikuu cha Columbia liliwaharibia panya nyuzi hizi, likangoja hadi uharibifu ukamilike, ndipo likawasha ndani ya seli zilizosalia jeni za njia ya ukuaji iitwayo Akt. Nyuzi ziliota tena na kufika striatamu. Ni kazi nzuri, nami naihesabu kuwa muhimu kuliko sifa iliyopata. Ila njia hiyo hiyo ya Akt ndiyo inayopotoka katika saratani nyingi, na kuiwasha kwa mtu bila kuweza kuizima ni hatari ambayo hakuna daktari mwenye akili timamu atakayeikubali leo.

Kilichokwisha kujaribiwa kwa watu ni GDNF, protini ya lishe ya neva iliyoelezwa mwaka 1993. Kwenye sahani za maabara ililinda seli za dopamini. Kwa panya na nyani waliopewa sumu ilirudisha nyuzi na mwendo. Shida ni kwamba haipiti kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, hivyo lazima ipelekwe moja kwa moja kwa bomba jembamba. Mwaka 2003 madaktari wa Bristol, Uingereza, waliwapa wagonjwa 5 na wote wakapata nafuu. Dunia ikashangilia. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya jaribio la watu 34, nusu wakipewa GDNF na nusu maji yasiyo na dawa, mgonjwa wala mpimaji asijue nani kapata nini. Tofauti ya maana haikuonekana. Bristol hawakukata tamaa. Wakaboresha bomba na kujaribu tena, na mwaka 2019 wakatoa matokeo ya watu 41. Picha za ubongo zilionyesha dopamini ikiongezeka pale dawa ilipofika, lakini alama za mwendo hazikutofautiana na za wale waliopewa maji.

Mtu anaweza kuuliza, ilikuwaje wale 5 wapone? Jibu limo katika utafiti wa Vancouver wa mwaka 2001, mmojawapo wa tafiti ninazozipenda katika fani hii. Wagonjwa wa Parkinson walidungwa sindano isiyo na dawa, wakiamini huenda ni dawa. Picha za PET, ambazo huonyesha kemikali zikifanya kazi ndani ya ubongo, zilionyesha striatamu zao zikimwaga dopamini halisi. Matumaini yenyewe ni kemikali, na katika Parkinson ni kemikali ile ile inayopungua. Hii haimaanishi kwamba wagonjwa hudanganya. Mwili hujibu kweli, kwa muda. Ndiyo maana katika ugonjwa huu, kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote, ushuhuda wa "alidungwa Jumatatu, Ijumaa akatembea" hauthibitishi chochote kuhusu seli mpya, hata kama aliyesema ni mkweli kabisa.

Je, GDNF imekufa? Sidhani. Siku hizi jeni yake hubebwa na virusi visivyosababisha ugonjwa ili seli za ubongo zijitengenezee zenyewe, na majaribio hayo yanaendelea. Hoja yangu ni kwamba waliopewa hapo nyuma wengi walikuwa wameugua miaka mingi, na lishe ya nyuzi haisaidii sana pale nyuzi zilipokwisha. Panya wa maabara hupewa sumu leo na dawa wiki chache baadaye. Binadamu hufika kwa daktari akiwa amechelewa miaka, na ndani ya seli zake mna alfa-sainukleini ambayo yule panya wa sumu hana. Dawa iliyomponya panya wa namna hiyo imethibitisha tu kwamba inaponya sumu.

Tugeukie upandikizaji, kwa kuwa huko ndiko habari uliyoisoma ilikotoka kwa uwezekano mkubwa.

Mwaka 1987, huko Lund, Sweden, Olle Lindvall, Anders Björklund na wenzao walianza kuwapandikiza wagonjwa tishu ya ubongo wa kati kutoka kwa vijusi vya mimba zilizotolewa. Hawakuipanda katika eneo jeusi. Waliipanda katika striatamu kwenyewe, sawa na mtu anayeacha kufukua bomba refu lililooza kutoka mlimani na kuamua kuchimba kisima pale pale shambani. Waliogundua umbali ambao nyuzi zingelazimika kusafiri katika ubongo wa mtu mzima wataelewa kwa nini, na hadi leo wapandikizaji karibu wote hufanya hivyo.

Baadhi ya wagonjwa wa kwanza walinufaika sana, wengine hapana. Marekani yakafanyika majaribio mawili yenye upasuaji wa kuigiza, yaani mgonjwa hupelekwa chumba cha upasuaji, fuvu hutobolewa kidogo, lakini hakuna seli inayowekwa. La kwanza lilichapishwa mwaka 2001, la pili mwaka 2003. Yote mawili hayakufikia lengo lake kuu. Baya zaidi, baadhi ya waliopandikizwa walipata miondoko isiyo ya hiari, miili ikijipinda hata pasipo dawa; katika jaribio la pili walikuwa 13 kati ya 23. Fani nzima ikasimama kwa miaka.

Lakini ubongo za waliofariki ziliendelea kufundisha. Mwaka 2008 ilichapishwa kwamba seli zilizopandikizwa zilikuwa hai baada ya miaka 11 hadi 16, ila chache kati yake zilikuwa na marundo ya Lewy. Seli changa, za mtu mwingine, zilikuwa zimeambukizwa mazingira ya ugonjwa. Mwaka 2016 ikaelezwa habari ya mgonjwa aliyeishi miaka 24 na kipandikizi chake. Nyuzi zilikuwa zimetanda vizuri katika putameni, lakini faida kwa mgonjwa ilikuwa imekwisha kupotea miaka kadhaa kabla, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeendelea mahali pengine. Tafakari hilo. Seli ziliishi, dopamini ilikuwepo, na bado mgonjwa aliendelea kudhoofika.

Kikwazo kikubwa cha tishu ya vijusi kilikuwa upatikanaji na usafi: kila upasuaji uliitaka kutoka mimba kadhaa, na hakuna mbili zilizofanana. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto aligundua namna ya kuirudisha seli ya kawaida ya panya katika hali ya seli shina, mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Nobel. Kutoka seli shina hizo, au zile za kiinitete, maabara sasa huweza kukuza seli za dopamini changa kwa mamilioni, zote za aina moja.

Aprili 2025 jarida la Nature lilichapisha majaribio mawili kwa mpigo. Kundi la Jun Takahashi huko Kyoto liliwapandikiza watu 7 seli zilizotokana na mfadhili mwenye afya. Hakukuwa na madhara makubwa wala uvimbe katika miaka 2, na kati ya 6 waliopimwa matokeo, 4 walikuwa na mwendo bora hata kabla ya kumeza dawa zao. Picha za PET zilionyesha utengenezaji wa dopamini katika putameni ukipanda kwa wastani wa asilimia 44.7. Jaribio jingine, la Marekani na Kanada, lilitumia seli za kiinitete kwa watu 12 na kuwafuatilia miezi 18. Waliopewa dozi kubwa walipata nafuu zaidi ya waliopewa ndogo, nayo ile miondoko ya kutisha ya mwaka 2003 haikujitokeza. Wagonjwa wote walitumia dawa za kushusha kinga ya mwili kwa takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo ili vipandikizi visikataliwe.

Hizi ni habari njema, na sitaki kuzimwagia maji. Ila hakuna hata mmoja kati ya watu hao 19 aliyelinganishwa na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kuigiza, na tumekwisha kuona matumaini yanavyoweza kumwaga dopamini. Kwa sababu hiyo jaribio la hatua ya tatu, lenye takriban watu 100 na upasuaji wa kuigiza kwa baadhi yao, limeanza. Hadi wafuatiliwe na matokeo yasomwe, anayekutajia mwaka ambao tiba itakuwa tayari anabahatisha. Na hata ikifaulu kabisa, itarudisha dopamini katika striatamu. Haitarudisha harufu, haitafungua choo, haitagusa sahau wala kuanguka kunakotokana na neva zisizotumia dopamini. Kwa lugha ya mgonjwa, ni kama kupata levodopa nzuri isiyopanda na kushuka. Wenye kuugua watakubali hilo kwa mikono miwili, na ni haki yao. Lakini ugonjwa utakuwa bado upo.

Huenda pia ulikutana na habari ya mwaka 2020, kwamba seli za kusaidia zilizomo ndani ya ubongo, ziitwazo astrositi, zinaweza kugeuzwa seli za dopamini kwa kuzima jeni moja. Ilitikisa dunia. Kuanzia mwaka 2021 makundi mengine yalipofuatilia asili ya kila seli kwa uangalifu zaidi, yakakuta kwamba zile zilizodhaniwa mpya zilikuwa seli za neva za zamani zilizopakwa alama kimakosa. Kwa sasa iweke kando.

Sasa kliniki yenu. Kila jaribio nililotaja lilihitaji sindano nyembamba kupita fuvu hadi putameni, kwa sababu hakuna njia nyingine iliyofikisha seli pale. Seli zikimwagwa kwenye mshipa wa mkono, kituo chake cha kwanza ni mapafu, na nyingi hunasa huko. Zinazopita hukuta kizuizi cha ubongo. Halafu uliza ni seli gani. Kliniki za namna hii mara nyingi hutumia seli za mafuta ya tumbo au uboho wa mfupa. Hizo zinaweza kuzaa mfupa, gegedu na mafuta, lakini hazijathibitishwa kugeuka seli za dopamini ndani ya mtu. Na seli shina za ubongo zenyewe zikipandwa ovyo si salama: mwaka 2009 madaktari wa Israel walieleza habari ya mvulana mwenye ugonjwa mwingine wa neva aliyedungwa seli za vijusi huko Moscow, kisha akaota uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo. Vipimo vilionyesha uvimbe ulitokana na seli za wafadhili.

Wakikwambia wao pia wanafanya "utafiti", uliza mambo matatu. Kwa nini mgonjwa analipa, wakati majaribio ya kweli ya seli hizi humlipia mgonjwa matibabu? Nani anawalinganisha na wasiopewa seli? Na matokeo ya miaka iliyopita yamechapishwa jarida gani? Kuorodheshwa kwenye tovuti ya serikali ya Marekani ya majaribio si kibali. Mtu yeyote anaweza kujisajili humo. Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui: aliyewahi kudungwa seli za namna hiyo mara nyingi hukataliwa na majaribio halali baadaye. Mnaweza kulipa pesa ili mzee apoteze nafasi.

Nimalizie na levodopa. Hofu kwamba inaua seli ilitokana na sahani za maabara, ambako dopamini nyingi huzalisha kemikali za kuunguza. Kwa watu ilipimwa. Mwaka 2019 Waholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 445 wapya: nusu walianza levodopa mara moja, nusu wakaanza baada ya wiki 40. Mwishoni mwa wiki 80 hali zao zilikuwa sawa. Haikulinda seli, haikuziua. Kuiahirisha kulimaanisha tu kuishi wiki 40 kwa shida bila kupata chochote badala yake.

Dawa kuisha nguvu mapema kwa baba yako, basi, kunatokana na zile nyuzi. Mwanzoni, nyuzi zilizobaki huichukua levodopa, huigeuza dopamini, huihifadhi na kuitoa kidogo kidogo, hata dozi zikipishana saa nyingi. Nyuzi zikipungua, ghala hupungua nalo, na mgonjwa huanza kufuata kupanda na kushuka kwa dawa katika damu. Hili lina matibabu leo: kugawa dozi ndogo kwa vipindi vifupi, kuongeza dawa zinazozuia vimeng'enya vya kuvunja dopamini, kuachanisha dozi na mlo wenye protini nyingi kwa kuwa zote hugombea mlango mmoja kuingia ubongoni, na kwa wanaofaa, kupandikizwa nyaya za umeme ndani ya ubongo. Hiyo ya nyaya inatokana na kazi ya Alim-Louis Benabid huko Grenoble tangu mwaka 1987, na ina ushahidi kuliko seli yoyote.

Mazoezi nayo. Mwaka 2018 jaribio la Marekani la watu 128 ambao walikuwa hawajaanza dawa lilionyesha kwamba waliotembea kwa kasi kwenye mashine, moyo ukifika asilimia 80 hadi 85 ya uwezo wake wa juu, mara tatu kwa wiki, karibu hawakurudi nyuma katika miezi 6, ilhali walioendelea na maisha ya kawaida walishuka. Wengine hulitangaza hili kuwa mazoezi huotesha neva. Kwa binadamu hilo halijaonyeshwa. Kilichoonyeshwa ni mwendo wenyewe, na kwangu hicho kinatosha kumshauri aanze, baada ya moyo wake kupimwa.

Kabla ya kumwona daktari wake, mwandikieni kwa wiki moja saa aliyomeza kila dozi, saa ilipoanza kufanya kazi, saa ilipokata, na kama mwili ulijipindapinda akiwa katikati ya nafuu. Daktari wa neva akiwa na karatasi hiyo mbele yake anaweza kupanga dozi upya siku hiyo hiyo. Na kama mngependa mzee afikiriwe kwa jaribio halali la upandikizaji siku moja, mwulizeni daktari huyo huyo: umri wake, miaka ya ugonjwa na jinsi anavyojibu levodopa ndivyo vitu vya kwanza vitakavyotazamwa.